Kabla ya Kuingia Majini: Namna ya Kupima Ubora wa Bwawa la Kuogelea

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaleta somo ambalo huenda likawashangaza baadhi yenu. Tunataka kujifunza namna ya kupima ubora wa bwawa la kuogelea, hasa kwa mtu anayeogelea kwa mazoezi, yaani yule anayekwenda na kurudi toka ukingo mmoja hadi mwingine kwa muda mrefu. Mtu wa Zagayu aweza kuuliza: "Sisi wakulima wa pamba na wafugaji tuna bwawa gani la kuogelea? Tunalo lambo tu la kunyweshea ng'ombe." Swali hilo ni zuri, na ndilo lililotufanya tuandike.

Sababu zetu ni tatu. Kwanza, vijana wetu hawakai Zagayu siku zote. Wanakwenda kusoma na kufanya kazi Bariadi, Mwanza, Arusha na Dar es Salaam, na huko wanakutana na mabwawa ya hoteli na ya shule. Wanaingia humo bila kujua lipi ni salama na lipi si salama. Pili, wako wazee wetu wenye maumivu ya magoti na mgongo ambao hushauriwa na waganga wafanye mazoezi ya majini, kwa kuwa maji hubeba uzito wa mwili na viungo havigongani. Tatu, na hili ndilo kubwa, yule anayejua sifa za maji mema ya kuogelea ndiye atakayeelewa kwa nini lambo letu si mahali pa watoto kuogelea. Kipimo ni kimoja. Tukijifunza kukitumia mjini, tutaweza kukitumia na nyumbani.

1. FAIDA YA KUOGELEA

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki. Anayelima kwa jembe la mkono kutwa nzima amekwisha timiza zaidi ya hapo. Lakini mwalimu, karani, mshonaji, mfanyabiashara wa dukani na dereva hukaa kutwa nzima. Kwao kuogelea ni zoezi zuri sana, maana hutumia mikono, miguu, mgongo na mapafu kwa pamoja, wala hakuumizi viungo kama kukimbia juu ya ardhi ngumu. Mama mjamzito asiye na matatizo aweza kuogelea polepole, na mtu mnene ambaye kukimbia kunamchosha magoti aweza kuogelea.

Faida hizo zinapatikana tu ikiwa maji yenyewe hayaleti ugonjwa na mahali penyewe hapaleti ajali.

2. PIMA KWA MACHO, PUA NA MKONO

Msomaji hahitaji mashine ili kuanza. Mungu ametupatia macho, pua na mikono. Kabla ya kulipa kiingilio, omba kwanza uruhusiwe kuliona bwawa. Wenye bwawa zuri hawatakukatalia.

(a) Macho. Simama ukingoni penye kina kirefu kuliko pote, utazame chini. Utaona kifuniko chenye matundu, mahali maji yanapotokea kwenda kwenye pampu. Je, unakiona waziwazi, pamoja na vitundu vyake? Kama hukioni vizuri, usiingie, wala usimruhusu mtoto aingie. Hapa hatuzungumzii uzuri wa maji tu. Mtu aliyezama huenda chini. Kama sakafu haionekani, mwokoaji hatamwona, na watu wataendelea kuogelea juu yake bila kujua. Tena maji yenye ukungu ni dalili kwamba chujio halifanyi kazi au dawa imekwisha.

Ukiwa bado unatazama, angalia kama kifuniko hicho ni kizima na kimefungwa imara. Pampu huvuta maji kwa nguvu. Kifuniko kikivunjika au kikikosekana, nguvu hiyo yaweza kunasa nywele, mkono au mwili wa mtoto na kumzuia chini. Bwawa lenye kifuniko kibovu lafaa lifungwe siku hiyo hiyo.

(b) Pua. Watu wengi hufikiri kwamba bwawa linalonuka klorini kwa ukali ndilo lenye dawa nyingi na kwa hiyo ndilo safi. La hasha! Klorini ikiwa safi ndani ya maji hainuki sana. Harufu ile kali inayochoma pua hutokea klorini inapokutana na jasho, mkojo na uchafu wa miili ya watu, ikageuka kuwa kitu kingine chenye kuwasha. Macho mekundu na kikohozi baada ya kuogelea hutokana zaidi na mchanganyiko huo. Basi harufu kali ni dalili kwamba waogeleaji ni wengi kuliko maji yanavyoweza kustahimili, au kwamba watu hawaogi kabla ya kuingia. Mwenye pumu ajihadhari hasa na bwawa la ndani ya jengo lisilo na madirisha ya kutosha.

(c) Mkono. Inama, upapase vigae vya ukingoni chini kidogo ya usawa wa maji. Vikiwa vikavu kwa mguso, yaani havitelezi, ni vizuri. Vikiteleza kama mgongo wa kambare, ujue utando wa vijidudu na ukungu wa kijani umeanza kujenga nyumba, na dawa haiwafikii walio ndani ya utando huo. Angalia pia kama viko vigae vilivyovunjika vyenye makali ya kukata miguu.

3. MASWALI YA KUMWULIZA MWANGALIZI

Baada ya kujitazamia mwenyewe, muulize mwangalizi kwa heshima. Hana haki ya kukasirika, maana unakabidhi uhai wako kwake.

Swali la kwanza: "Klorini ikoje leo?" Katika mabwawa ya watu wengi, klorini iliyo huru inatakiwa isipungue miligramu 1 katika kila lita ya maji, na kwa kawaida isizidi miligramu 3. Mwangalizi huchota maji katika kichupa, akatia kidonge au matone ya dawa, na maji hugeuka rangi ya waridi. Kadiri rangi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Kazi hiyo ni ya dakika chache tu.

Swali la pili: "Uchachu wa maji ukoje?" Wataalamu hupima uchachu kwa kipimo kiitwacho pH, na kwa bwawa kinatakiwa kiwe kati ya 7.2 na 7.8. Kwa nini jambo hili ni muhimu? Kwa sababu nguvu ya klorini hutegemea uchachu. Kipimo kikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini iko katika hali ya kuua vijidudu upesi. Kikipanda hadi 8, ni kama robo tu inayobaki na nguvu hiyo. Mtu aweza kumwaga dawa ndoo nzima na maji yasiwe salama, kama vile mkulima anayenyunyizia pamba dawa iliyokwisha nguvu: gharama ameingia, lakini funza wanaendelea kula vitumba.

Swali la tatu: "Mnapima mara ngapi kwa siku?" Katika nchi zetu za jua kali jibu la "mara moja kwa wiki" halifai hata kidogo. Jua huivunja klorini isiyokingwa katika muda wa saa chache. Bwawa lililotiwa dawa jioni laweza kuwa halina kitu kesho yake alasiri, hasa siku ya sikukuu ambapo watoto mia wameingia. Yafaa lipimwe kabla ya kufunguliwa, na tena mara kadhaa wakati watu wanaogelea, na majibu yaandikwe kwenye daftari. Omba ulione daftari hilo. Pasipo daftari, kwa kawaida hakuna kipimo.

Swali la nne: "Pampu na chujio vinafanya kazi?" Katika bwawa la watu wengi, maji yote yanatakiwa yapite kwenye chujio na kurudi kila baada ya saa chache, kwa kawaida saa 4 hadi 6. Ukiweka kiganja karibu na tundu la kurudishia maji utasikia yakisukuma. Bwawa lisilo na pampu, linalojazwa maji leo na kumwagwa baada ya wiki mbili, ni kama beseni moja lililoogewa na kijiji kizima.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tuliwahi kuuliza maswali haya katika bwawa moja la mjini. Mwangalizi alitujibu kwa tabasamu: "Maji yetu ni ya bomba, hayana shida." Yaelekea alikuwa mtu mwema, lakini hakuwa amefundishwa. Maji ya bomba huingia yakiwa safi. Wanaoyachafua ni sisi tunaoingia humo.

4. KWA ANAYEOGELEA KWA MAZOEZI

Aingiaye majini kujipoza na aingiaye kuogelea nusu saa bila kusimama hawana mahitaji sawa. Huyu wa pili huvuta hewa nyingi karibu kabisa na uso wa maji, na humeza maji kidogo kidogo bila kukusudia. Kwa hiyo ubora wa maji unamgusa zaidi. Tena anahitaji mambo yafuatayo:

(a) Urefu unaojulikana. Bwawa la mashindano huwa na urefu wa mita 50 au 25. Mtu akitaka kuogelea mita 1,000, atavuka lile la mita 50 mara 20, na lile la mita 25 mara 40. Mabwawa mengi ya hoteli yana mita 10 au 15 tu, na mengine yamepinda kama figo. Humo unageuka kila baada ya pumzi chache, na huwezi kujua umeogelea kiasi gani. Kama wenye bwawa hawajui urefu wake, lipime mwenyewe kwa kamba au kwa hatua ukiwa ukingoni.

Urefu si jambo dogo. Mwaka 2000 huko Sydney, Australia, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 katika Michezo ya Olimpiki. Nyumbani kwao alikuwa amejifunzia katika bwawa fupi la hoteli, na hakuwa amewahi kuogelea katika bwawa la mita 50. Alimaliza peke yake, kwa kuwa wenzake wawili waliondolewa kwa kuanza kabla ya ishara, akatumia dakika 1 na sekunde 52.72. Mwishoni alikuwa amechoka kiasi kwamba watazamaji walihofu atazama. Watu wengi walimsifu kwa moyo wake, na alistahili. Lakini sisi tujifunze pia kwamba nguvu za bwawa fupi si nguvu za bwawa refu, sembuse za ziwa.

Hapa Afrika Mashariki, Kenya ilijengewa bwawa la mita 50 huko Kasarani, Nairobi, kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Kwetu Tanzania mashindano mengi ya taifa yamefanyika katika mabwawa ya shule za Dar es Salaam, kwa mfano Haven of Peace Academy na International School of Tanganyika. Hata hivyo vijana wetu wamefika mbali. Hilal Hilal na Magdalena Moshi waliogelea Rio de Janeiro mwaka 2016, na Collins Saliboko na Sophia Latiff waliogelea Paris mwaka 2024.

(b) Njia zilizotengwa. Bwawa la mazoezi hugawanywa kwa kamba zenye vielea, na katika bwawa la Olimpiki kila njia ina upana wa mita 2.5. Kamba hizo huvunja mawimbi na huzuia watu kugongana. Chini sakafuni huchorwa mstari mweusi unaomwongoza mwogeleaji, nao huishia mita 2 kabla ya ukuta ili ajue kwamba anafika. Kwa wale wanaoogelea chali hutundikwa bendera ndogo mita 5 kabla ya ukuta, wasije wakagonga kichwa. Kama hakuna kamba, uliza kama ipo saa iliyotengwa kwa wanaofanya mazoezi peke yao, kwa mfano asubuhi na mapema. Watoto wanaorukaruka na watu wanaoogelea kwa kasi wasichanganywe. Mkiwa wengi katika njia moja, wote mshike utaratibu mmoja: kwenda upande huu, kurudi upande ule.

(c) Kina kilichoandikwa. Namba za kina ziandikwe ukingoni, zisomeke. Mtu asiyefundishwa asijitose kwa kichwa mahali popote. Wako vijana waliovunjika shingo kwa kujitosa penye maji ya kiunoni, wakapooza mikono na miguu maisha yao yote.

(d) Joto la wastani. Maji ya mashindano huwa kati ya nyuzi 25 na 28 za sentigredi. Maji yenye joto kuliko hapo humchosha haraka anayejitahidi, maana mwili haupati mahali pa kutoa joto lake. Mwogeleaji hutoka jasho ingawa halioni. Basi awe na chupa ya maji ya kunywa ukingoni.

5. MWOKOAJI

Maji yakiwa safi kama kioo bado si salama bila mtu wa kutazama. Je, yupo mtu ambaye kazi yake ni kutazama tu? Si yule anayeuza soda huku akitazama, wala yule anayechezea simu. Je, kuna boya na fito refu la kumfikia mtu? Je, amefundishwa kurudisha pumzi?

Kuzama hakufanani na tunavyoona katika sinema. Anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono, kwa sababu mdomo wake uko chini ya maji na mikono yake inasukuma maji ajaribu kuinuka. Mtoto aweza kutoweka kimya kimya katika muda usiozidi dakika moja, mama yake akiwa hatua tano kutoka hapo. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika 4 hadi 6 huanza kuharibika. Kwa hiyo mzazi asimwachie mwokoaji mtoto mdogo. Awe karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono.

6. WAJIBU WA ANAYEINGIA

Ubora wa bwawa hautoki kwa wenyewe peke yao. Kila mmoja wetu aoge kwa maji na sabuni kabla ya kuingia, aende chooni kwanza, wala asikojoe majini. Mwenye kuhara asiingie kabisa. Kuna kijidudu kimoja kiitwacho kriptosporidiamu kinachosababisha kuhara, ambacho huweza kuishi zaidi ya siku 7 katika maji yenye klorini ya kawaida. Mtu aliyeugua kuhara kwa kijidudu hicho angoje wiki mbili baada ya kupona.

Mwenye kifafa asiogelee peke yake kamwe. Aliyekunywa pombe asiingie. Kuhusu mavazi, akina mama na mabinti wanaopenda kujisitiri wasidhani kwamba kuogelea si kwao. Yapo mavazi mepesi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima. Kisiwani Unguja, katika kijiji cha Nungwi, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamevaa hivyo. Lakini khanga na gauni la pamba hunywa maji, huwa zito, na humvuta mtu chini.

7. SASA TULIPIME LAMBO LETU

Ndugu wasomaji, tumekwenda mjini, sasa turudi Zagayu. Tuchukue vipimo vile vile twende navyo kwenye lambo.

Je, sakafu inaonekana? Haionekani. Maji ni ya rangi ya udongo, na hata kiganja kilichozamishwa mpaka kiwiko hakionekani. Mtoto akizama hapo hutafutwa kwa kupapasa. Je, kina kimeandikwa? Hakikuandikwa, tena hubadilika kila mvua inaponyesha. Palipokuwa pa magotini mwezi Oktoba pawezapo kupita kichwa cha mtu mzima mwezi Aprili. Ukingo huteleza, na chini kuna tope linaloshika miguu. Je, kuna dawa? Hakuna. Je, kuna chujio? Hakuna, na ng'ombe huingia humo. Je, kuna mwokoaji? Yupo mchungaji wa miaka kumi, naye ndiye anayeogelea.

Lambo ni mali kubwa. Bila lambo mifugo ingekufa kiangazi. Lakini lambo lilichimbwa kwa ajili ya mifugo na matumizi mengine. Halikuchimbwa kuwa bwawa la watoto.

8. KICHOCHO

Katika maji yaliyotuama na yaendayo polepole, na hata katika majaruba ya mpunga, huishi konokono wadogo. Mgonjwa wa kichocho akikojoa majini, mayai ya minyoo hutoka na mkojo, yakaanguliwa, vijidudu vikamwingia konokono. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo huanza kumwaga vijidudu vingine kwa mamia, hasa jua linapokuwa kali, tangu saa nne asubuhi hadi alasiri. Ndiyo saa hiyo hiyo watoto wanapopenda kuogelea! Vijidudu hivyo hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda katika muda wa dakika chache, bila mtu kusikia maumivu makubwa.

Katika Usukuma wa bara, mbali na ziwa, kichocho kilichozoeleka ni kile cha kibofu, ambacho dalili yake ni mkojo wenye damu. Karibu na Ziwa Viktoria kinapatikana zaidi kile cha matumbo. Wataalamu waliofanya kazi Mwanza waligundua zamani kwamba konokono wa madimbwi yetu huweza kujificha katika tope kavu kiangazi chote, akaamka mvua zinaporudi. Basi tusidhani kwamba lambo lililokauka limejitakasa.

Wako watu wanaoona damu kwenye mkojo wa mvulana wakasema kwamba ni dalili ya kukua. Sivyo. Ni ugonjwa. Usipotibiwa huharibu kibofu na figo, na baada ya miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wanawake huleta vidonda katika njia ya uzazi, huweza kusababisha ugumba, na huweza kurahisisha kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Dawa yake ni prazikwanteli, ambayo hutolewa shuleni wakati wa kampeni, kiasi chake kikipimwa kwa kimo cha mtoto. Mtoto apewe chakula kabla ya kuimeza. Mzazi asimfiche mtoto siku hiyo! Lakini ajue pia kwamba dawa huua minyoo iliyomo mwilini tu. Haimkingi mtoto anayerudi majini kesho yake.

Maji ya kuoga yaliyochotwa lambo yakikaa ndani ya chombo kilichofunikwa kwa siku 2 nzima, bila konokono ndani, vijidudu vya kichocho hufa. Hata hivyo hayo si ya kunywa mpaka yachemshwe. Katika bwawa lenye klorini ya kutosha vijidudu hivyo havipati nafasi. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya bwawa na lambo.

9. KUZAMA

WHO ilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuelezwa sana. Tunakumbuka MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, na MV Nyerere iliyozama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Lakini vifo vya maji vingi havitangazwi redioni. Ni mtoto mmoja kisimani, mwingine lambo, mwingine mtoni siku ya mafuriko.

Tufanye nini?

(a) Lambo lizungushiwe uzio wa miiba au mkonge, na ng'ombe wanyweshewe kwenye birika lililojengwa nje ya uzio, pale inapowezekana.

(b) Kila lambo liwe na dumu tupu la lita 20, lililofungwa kifuniko barabara na kufungiwa kamba ndefu. Dumu hilo huelea na huweza kumshikilia mtu. Anayeona mwenzake anazama amrupie dumu, au amnyooshee fito, akiwa nchi kavu. Asijirushe ndani kama hajui kuokoa, maana tutazika wawili.

(c) Aliyetolewa majini akiwa hapumui alazwe chali mahali pagumu, kichwa kiinuliwe kidevu juu. Apuliziwe pumzi mdomoni kwanza, mara 5, kisha agandamizwe kifua mara 30 na kupuliziwa mara 2, na kuendelea hivyo mpaka msaada ufike. Asining'inizwe kichwa chini wala asibanwe tumbo. Hata akizinduka apelekwe hospitali, kwa sababu mapafu yaweza kudhurika baadaye.

(d) Watoto wasiojua kusoma bado wasiachwe peke yao karibu na maji, na wachungaji wadogo waende wawili wawili.

(e) Watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea pale penye maji salama na mwalimu. Mzazi anayempeleka mtoto shule yenye bwawa asiulize ada peke yake. Aulize maswali yale manne, na amuulize mwokoaji ni nani.

10. HITIMISHO

Tumejifunza kwamba bwawa jema linajulikana kwa mambo machache: sakafu inayoonekana, harufu isiyochoma, ukingo usioteleza, dawa inayopimwa na kuandikwa, maji yanayochujwa, nafasi ya kuogelea bila kugongana, na mtu mwenye macho juu ya maji. Likikosa sakafu inayoonekana au mtu wa kutazama, ondoka, hata kama umekwisha lipa. Fedha ya kiingilio hupatikana tena.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Kwa nini maji yasiyoonyesha sakafu ni hatari, hata kama yametiwa dawa?
2. Mtu akikuambia "bwawa hili linanuka klorini, kwa hiyo ni safi," utamjibu nini?
3. Ni watoto gani wa jumuiya yetu wanaokwenda lambo saa za mchana, nao wamekwisha meza dawa ya kichocho?
4. Lambo letu lina dumu na kamba? Kama halina, nani atavileta, na lini?